Chupa mdomo chini usiku wa kwenda Uhuru
Hili nimeonyeshwa na mpagazi, nalo ni la thamani kwa anayepanda Kilimanjaro mara ya kwanza. Mnapotoka kambi ya Kibo (mita 4,720) usiku wa manane kwenda kilele cha Uhuru, jaza chupa maji ya moto, ivike soksi nene ya sufu, kisha iweke kwenye begi mdomo chini. Maji huanza kuganda upande wa juu kwa sababu barafu huelea, hivyo barafu hushika kitako na mdomo hubaki wazi. Kaza kifuniko, itikise kwanza; kikivuja utalowesha nguo zako zote. Mrija wa kunyonyea maji kutoka mfuko wa begini usiutegemee, huganda mapema mno. Upepo ukiwa mkali hata soksi haitoshi: ingiza chupa ndani ya koti, kifuani.