Kabla hujapeleka mfuko wa nguo nyumba salama

Anayekimbia kipigo usiku hutoka na nguo aliyoivaa na mtoto mgongoni. Kwa hiyo ukitaka kuchangia nyumba salama, yaani nyumba inayowahifadhi wanaokimbia ukatili kama huo, usianze na magauni uliyoyachoka. Nunua chupi mpya za saizi mbalimbali, pedi, kanga doti moja, miswaki, sabuni. Daftari na sare pia, maana watoto mara nyingi hawawezi kurudi shule waliyotoka. Hela ya vocha nayo ni msaada mkubwa: mama apate kuongea na nduguze.

Uliza kwanza ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, nini kimepungua. Na tafadhali sana, msipige picha za makabidhiano getini. Mume anayemtafuta naye ana simu, na geti lile atalitambua.