Kutunza Triostar ndani ya nyumba, kwa maji ya Arusha

Triostar ni ua la jamii ya maranta, asili yake misitu ya Brazili upande wa Atlantiki, ambako huota chini ya kivuli cha miti mikubwa. Juu ya jani kuna kijani, krimu na waridi. Chini ni damu ya mzee. Usiku majani husimama, asubuhi hulala tena. Yakiacha kufanya hivyo, ujue kuna tatizo.

Hatua ya 1: Mahali

Dirisha la mashariki lenye pazia jepesi. Jua la mchana huunguza sehemu nyeupe kwanza. Kumbuka kwamba huku kwetu jua la Juni hupita upande wa kaskazini na la Desemba upande wa kusini, kwa hiyo dirisha lililokuwa na kivuli miezi sita iliyopita linaweza kuwa na jua kali leo.

Hatua ya 2: Chungu na udongo

Chungu cha plastiki chenye matundu. Changanya kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) sehemu mbili, makapi ya mpunga yaliyochomwa sehemu moja na chenga za mkaa sehemu moja. Kokopiti iloweke na kuisuuza kwanza, maana huja na chumvi. Udongo wa shamba peke yake usiutumie, hushikana na kuozesha mizizi.

Hatua ya 3: Maji

Hapa ndipo maua mengi ya Arusha yanapoharibikia. Hivi karibuni nilimsaidia dada mmoja ambaye Triostar yake ilikuwa imekauka kingo zote, kahawia, kama karatasi iliyopitiwa na moto. Alishabadilisha udongo, akahamisha chungu kila dirisha la nyumba, akanunua na dawa ya ukungu. Chanzo kilikuwa bombani.

Maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, kwa sababu hupita kwenye miamba ya volkano kabla ya kufika kwenye chemchemi na visima. Ndiyo hiyo inayowatia watoto wetu meno ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na huku viko vyanzo vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa. Wenzetu wa Nakuru na Naivasha wanalijua tatizo hilohilo.

Ua linaivuta floraidi pamoja na maji hadi kwenye ncha na kingo za jani. Maji hutoka kama mvuke, floraidi hubaki, inarundikana, na sehemu hiyo inakufa. Jamii nzima ya maranta ni dhaifu kwa jambo hili.

Kuna mambo tunayoambiana ambayo hayasaidii. Kulaza maji kwenye ndoo usiku kucha hupunguza klorini, floraidi haiendi popote. Kuchemsha kunazidisha tatizo: maji yanapungua, floraidi inabaki yote. Chujio la kawaida la mshumaa haliiondoi. Mkaa wa mifupa unaweza, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa ajili ya maji ya kunywa, lakini lazima ubadilishwe ukishachoka, na kwa macho huwezi kujua umechoka lini.

Mimi natumia maji ya mvua, na sioni sababu ya kutafuta kingine. Mvua ya kwanza ya msimu iache ioshe bati, vumbi na kinyesi cha ndege viondoke. Baada ya hapo kinga, chuja kwa kitambaa, weka kwenye dumu lenye mfuniko mahali penye giza ili mbu wasizaliane na maji yasiote ukijani. Chungu cha sentimita 15 hutumia kama nusu lita kwa mara moja. Madumu mawili ya lita 20 ni mara 80; ukimwagilia mara mbili kwa wiki, yanakupitisha miezi tisa. Hakuna anayeshindwa kukinga madumu mawili masika.

Yakiisha, nunua maji ya chupa, lakini soma lebo: nyingi huonyesha kiasi cha floraidi. Chukua yenye kiasi kidogo kabisa.

Kama ua limeshaungua, lipeleke bafuni umimine maji ya mvua polepole mpaka yatoke chini, ujazo wa chungu mara tatu au nne, kisha acha lichuruzike. Jani lililoungua haliponi. Kata sehemu ya kahawia tu kwa mkasi, uache kijani kiendelee kulilisha ua. Jibu utalipata kwenye jani jipya: likifunguka na kingo safi, umeshinda.

Walioko Dar wenye visima vya maji ya chumvi wataona kingo zikiungua vilevile. Tiba ni hiyohiyo.

Lini umwagilie? Ingiza kidole hadi kiungo cha kwanza; pakiwa pakavu, mwagilia. Vipimo vya bei rahisi vya kuchomeka kwenye udongo siviamini.

Hatua ya 4: Unyevu wa hewa

Usipulizie majani maji. Unyevu huo hudumu dakika chache, na majani yanayokaa yamelowa hupata madoa. Panga maua yako karibu karibu, au weka chungu juu ya sahani yenye kokoto na maji, kitako kisiguse maji.

Hatua ya 5: Juni na Julai

Chini ya nyuzi 15 Triostar huteseka, na usiku wa Arusha hufika huko. Jioni liondoe karibu na kioo cha dirisha, na punguza maji.

Hatua ya 6: Mbolea na wadudu

Mbolea ya maji, nusu ya kipimo, mara moja kwa mwezi wakati wa joto. Mbolea za fosfeti ya mwamba na supafosfeti ziepuke: zina floraidi, utakuwa unairudisha kwa mlango wa nyuma. Utitiri hupenda kiangazi na hujificha chini ya jani. Futa kila wiki kwa kitambaa kibichi, pande zote mbili.