Namna mvuvi wa usiku anavyoweza kuupa ubongo wake nafasi ya kujisafisha

Mvuvi wa dagaa anayerudi mwaloni Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, alfajiri huwa amekesha saa zile zile ambazo ubongo wa jirani yake wa nchi kavu ulikuwa ukioshwa. Kuoshwa huko si mzaha. Maji ya ubongo na uti wa mgongo, ambayo kwa mtu mzima ni takriban mililita 150 na hutengenezwa kiasi cha mililita 500 kwa siku, hupenya kandokando ya ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, yakisukumwa na mapigo yake, hupita katikati ya seli, kisha hutoka na taka, ikiwamo protini ya amiloidi inayorundikana katika ugonjwa wa Alzheimer. Maiken Nedergaard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliieleza njia hiyo mwaka 2012. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba panya anapolala, nafasi iliyo kati ya seli za ubongo wake hupanuka kwa takriban asilimia 60, maji hayo yakapita kwa urahisi zaidi. Mwaka 2024 watafiti wengine walipata matokeo yanayopingana na hayo, pia kwa panya, lakini faida ya usingizi wenyewe haina ubishi.

La kwanza, basi, ni kulinda usingizi mmoja mrefu wa saa 7 hivi, usiokatwakatwa na simu wala wanunuzi. Dagaa wakishapimwa, kazi ya kuanika iachiwe wengine, na mvuvi aingie kulala kabla bati halijashika moto. Dirisha lizibwe kwa blanketi, kwa maana kanga hupitisha mwanga, na mwanga huuambia ubongo kwamba ni wakati wa kuamka. Kahawa ya mwisho inywewe ziwani kabla ya saa nane usiku, kwani baada ya saa 5 hivi nusu ya kafeini yake huwa bado imo mwilini. Pombe ya kuitia usingizi, ambayo wengi huitetea, huuleta upesi na kuuvuruga baadaye.

Kulala ubavu kulisaidia usafishaji kwa panya. Kwa binadamu halijathibitishwa, ila anayekoroma atapumua vizuri zaidi. Anayekoroma hadi pumzi ikakatika amwone daktari, na presha ipimwe, kwa kuwa presha ya juu hukakamaza ateri, na ateri zilizokakamaa husukuma maji hayo ya ubongo kwa shida.

Mbalamwezi ikifika na mitumbwi ikapumzika, siku ya kwanza asubuhi alale kwa muda wa saa 2 au 3 tu, ili usiku usingizi umkute akiwa na hamu nao.