Ukivuta tela, pima upepo tairi zikiwa baridi

Wenzangu mnaovuta tela la boti au la kulala kutoka Tanga kwenda Segera, pimeni upepo asubuhi kabla gari halijatembea. Ukifika Muheza tairi zimeshapata moto, geji inasoma juu, na fundi pancha atakwambia, "Kaka, tupunguze." Usikubali. Zikipoa utabaki na tairi legelege, na tairi legelege ndiyo inayochemka ubavuni mpaka inapasuka.

Kiwango usikikisie kwa kuangalia gari lako. Soma kibati cha tela, au ubavuni mwa tairi penye kikomo chake. Matela mengi ya kulala yanataka PSI 50 hadi 65, gari dogo linatosheka na thelathini na kitu. Hapo hapo ubavuni kuna herufi ya mwendo: J ni kilomita 100 kwa saa, L ni 120. Mimi sivuki 80 hata barabara ikiwa tupu.

Tela likianza kuyumba mkia, achia mafuta taratibu, usikanyage breki ghafla.

Halafu kuna zile namba nne ubavuni mwa tairi zinazoonyesha lini ilitengenezwa: 2315 ni wiki ya 23, mwaka 2015. Tairi ya zamani hivyo, hata kashata (meno ya tairi) zikiwa nzima, sifungi safari nayo.