Kukagua shamba kabla ya kuwinda hua nchini Marekani

Kabla ya kupakia bunduki ya marisawa, ambayo kisheria haipaswi kubeba zaidi ya risasi tatu, mwombe mwenye shamba akueleze nini kilipandwa, lini kilivunwa, na kama kuna nafaka yoyote iliyoletwa kutoka nje. Kisha tembea mwenyewe, kwa sababu ni marufuku kuwinda penye chambo, yaani nafaka iliyomwagwa ili kuvutia ndege, na tangu marekebisho ya mwaka 1998 ya sheria ya ndege wanaohama, mwindaji hutiwa hatiani si tu akijua kwamba pana chambo, bali hata pale ambapo alipaswa kujua.

Inama uangalie udongo. Punje za alizeti zilizotawanyika chini ya mabua yaliyofyekwa palepale yalipoota ni halali kwa uwindaji wa hua, ingawa kwa bata hazikubaliki; lakini ukiona ngano safi imerundikana njiani, au mahindi mahali ambapo hayakupandwa, ondoka. Kufagia nafaka hiyo asubuhi hakusaidii kitu, maana eneo huhesabiwa kuwa na chambo kwa siku 10 baada ya chambo chote kuondolewa.

Wapo wanaolalamika kwamba kufyeka alizeti ili ndege washuke hakuna tofauti na kumwaga gunia la mbegu. Hoja hiyo ina uzito, lakini mimi naona mpaka uliowekwa unafaa: zao lililoota pale lina kikomo, ilhali gunia hujazwa tena kila jioni, na hua huzoea kurudi palepale wanapouawa.