Somo: Kumtambua kaa anayeishi juu ya nungu wa bahari, pamoja na maswali ya wanachama

Karibu kila wiki naletewa picha ya kaa mdogo kwenye kiganja cha mtu, na swali moja tu: "Mwalimu, huyu ni nani?" Nami huuliza swali moja tu: "Ulimtoa wapi?" Hapo ndipo mazungumzo hukwama, maana mpigapicha alishamng'oa kaa na kumtupa mwenyeji wake majini.

Kwa hiyo tuanzie hapo. Nungu wa bahari ninayemsema ni yule mnyama wa mviringo aliyejaa miiba, ndugu wa kiti cha pweza na jongoo bahari. Juu yake, katikati ya miiba, na wakati mwingine ndani ya mwili wake kabisa, wanaishi kaa ambao hawapatikani kwingine. Kuwatambua si kazi ngumu ukifuata mpangilio. Kinachowaponza wengi ni kukimbilia rangi.

Hatua ya 1: Usimguse bado

Piga picha kaa akiwa mahali pake, kisha andika mambo matatu. Kwanza, nungu mwenyewe ni wa aina gani. Kama hujui jina, piga picha ya miiba yake kwa karibu na nyingine ya upande wa chini penye mdomo. Pili, kaa alikuwa sehemu gani: juu, ubavuni, karibu na mdomo, au kwenye tundu la haja lililo kileleni. Tatu, walikuwa wangapi. Kaa wawili, dume na jike, juu ya nungu mmoja ni habari, na hutaipata tena ukishawatia kwenye chupa.

Tahadhari: baadhi ya wenyeji wanaopendwa zaidi na kaa hawa wana sumu. Asthenosoma ana ncha za miiba zenye sumu inayochoma kama moto. Toxopneustes pileolus anaonekana mpole kwa sababu miiba yake ni mifupi, lakini vikoleo vyake vidogo vinavyofanana na maua vina sumu kali. Glavu nyembamba za mpira hazitoshi. Tumia kibano kirefu.

Hatua ya 2: Ni mkazi au ni mpita njia?

Si kila kaa aliye karibu na nungu anaishi naye. Wapo wanaojificha tu chini ya miiba mirefu ya Diadema mchana. Ukimsogeza nungu, wanatimka na kumwacha. Huyo ni mpangaji wa siku moja.

Yupo pia Dorippe frascone, ambaye mambo yake ni kinyume kabisa: yeye ndiye anayembeba nungu. Jozi mbili za mwisho za miguu yake ni fupi na zimepandishwa mgongoni, na kwa hizo anamshika nungu kama mtu aliyejitwika mzigo, kisha anatembea naye mchangani. Ukiona nungu "anakimbia", tazama chini yake. Dorippe ni wa familia ya Dorippidae, na kwa somo hili tunamwacha hapo.

Mkazi halisi hamwachi mwenyeji hata ukimtikisa. Anang'ang'ania.

Hatua ya 3: Hesabu miguu

Hii ni hatua ya dakika moja, lakini imeniokoa mara nyingi. Kaa wa kweli, yaani Brachyura, ana magando mawili na jozi nne za miguu zinazoonekana. Ukihesabu jozi tatu tu, na papasi, yaani vipapasio vya kichwani, ni ndefu kama nyuzi, umeshika "kaa" wa kundi la Anomura, ambao ni jamaa wa kaa wa makombe. Mrudishe, funguo za utambuzi ninazotumia hapa hazimhusu.

Hatua ya 4: Familia

Hapa njia zinagawanyika mara mbili.

Kama mwenyeji ni nungu bapa anayejizika mchangani, yule anayefanana na sarafu, au nungu wa mchangani mwenye umbo la moyo, na kaa ni mdogo, wa mviringo, laini kama punje ya choroko, elekea familia ya Pinnotheridae. Jenasi ya Dissodactylus ya bara la Amerika ndiyo mfano mzuri. Chukua lenzi uangalie ncha za miguu ya mbele ya kutembelea: kila ncha imegawanyika mara mbili kama uma. Jina lenyewe linasema hivyo, maana yake "kidole maradufu". Dissodactylus primitivus, kwa mfano, anaishi kwenye nungu Meoma ventricosa katika Karibi. Wengine wa familia hiyohiyo hukaa ndani ya nungu wenye miiba, kama Pinnaxodes chilensis wa pwani ya Chile.

Kama mwenyeji ni nungu wa miamba mwenye miiba, katika Bahari ya Hindi au magharibi na katikati ya Pasifiki, na gamba la kaa lina pembe tano au linakaribia umbo hilo, basi karibu kwa hakika uko ndani ya Eumedoninae. Hawa zamani walihesabiwa kuwa familia peke yao, na kabla ya hapo kuna waliowaweka na kaa wa Parthenopidae kwa sababu ya gamba lao la pembepembe. Leo ni nusufamilia ndani ya Pilumnidae. Kilichosaidia kuwahamisha si gamba: ni mabuu. Zoea wao, yaani mabuu wa hatua za mwanzo, wanafanana na wa Pilumnidae, na kiungo cha uzazi cha dume ni chembamba chenye umbo la S, kama ilivyo katika ukoo huo. Gamba la mkubwa hubadilishwa na maisha juu ya mwenyeji. Buu linaloelea baharini halina mwenyeji wa kujifananisha naye.

Hatua ya 5: Jenasi

Mbili ndizo utakazokutana nazo zaidi.

Zebrida. Huyu huwezi kumsahau. Mwili mweupe au wa waridi hafifu wenye mistari mipana ya zambarau iliyokoza au kahawia, na miiba mikubwa bapa kwenye gamba, magando na miguu. Lakini nimesema tusikimbilie rangi. Tazama mguu mmoja chini ya lenzi, kisha usukume taratibu kwa sindano: ncha yake ya mwisho inakunjwa nyuma na kulala juu ya pingili inayoitangulia, kama kisu cha kukunja. Katikati ya hivyo viwili ndimo unamopita mwiba wa nungu. Kaa anabana miiba kwa miguu yote minane, na ndiyo maana ukimvuta unahisi kama umeshika kitu kilichoshonwa.

Echinoecus. Gamba lake ni laini zaidi, la pembe tano, na mbele limechongoka katikati kuwa pembe moja. Mara nyingi rangi yake imekoza. Jenasi hii iliwekwa na Mary Jane Rathbun mwaka 1894. Echinoecus pentagonus jike ana makazi ya ajabu: anaingia kwenye sehemu ya mwisho ya utumbo wa nungu, na eneo la tundu la haja linavimba na kufanya chumba kumzunguka. Dume na wachanga wanabaki nje kwenye miiba. Ukimfungua nungu kama Echinothrix calamaris ukakuta uvimbe upande wa juu, usiutupe. Mpangaji yumo humo.

Hatua ya 6: Spishi

Hapa ndipo nilipoanguka mimi mwenyewe. Miaka ya mwanzo nilikusanya Echinoecus kumi na wawili kutoka nungu watatu, nikawagawa spishi mbili: "wadogo wenye mstari" na "wakubwa weusi". Niliandika kurasa nne. Mtu aliyenizidi uzoefu aliwageuza mmoja mmoja, akainua tumbo lao lililokunjwa chini, akaniuliza kwa upole: "Umeona kwamba wakubwa wako wote ni majike?" Spishi zangu mbili zilikuwa wake na waume.

Basi fanya hivi. Mgeuze kaa. Tumbo lililokunjwa kifuani likiwa jembamba, ni dume. Likiwa pana kama bakuli, ni jike aliyekomaa. Wapange kwa jinsi na kwa ukubwa kabla ya kulinganisha chochote. Kisha chukua dume mkubwa, inua tumbo kwa ncha ya kibano, na utaona vijiti viwili vimelala kwenye mfereji: hizo ni gonopodi za kwanza, yaani kile kiungo cha uzazi cha dume nilichokitaja. Kata moja kwenye shina, iweke kwenye tone la gliserini, uichore chini ya hadubini. Chora, usipige picha tu. Mkono huona ncha iliyopinda kidogo ambayo kamera huipita.

Baada ya hapo ndipo unapofungua marejeo. Kwa Echinoecus, mapitio ya Chia, Castro na Ng ya mwaka 1999 yalibakiza spishi tatu: E. pentagonus, E. nipponicus na E. sculptus. Majina mengine, kama Eumedon convictor la mwaka 1906, yalionekana kuwa ni ya kaa huyohuyo E. pentagonus aliyepewa jina upya. Hilo linanifariji: hata mabingwa walikosea pale nilipokosea mimi. Kwa Zebrida nako ni tatu: Z. adamsii, Z. longispina, na Z. brevicarinata aliyeelezwa mwaka 1999.

Hatua ya 7: Kuhifadhi na kuandika jina

Ethanoli ya asilimia 70 inatosha kwa umbo. Kama unataka DNA, tumia ya asilimia 95, na usimtie kwenye formalini kabisa. Rangi itaondoka kwa vyovyote, ndiyo sababu ya zile picha za hatua ya kwanza. Lebo iandikwe kwa penseli na iingie ndani ya chupa. Wino hukimbia, na lebo ya nje hubanduka.

Jina liandikwe hivi: Zebrida adamsii White, 1847. Lakini: Echinoecus pentagonus (A. Milne-Edwards, 1879). Mabano si pambo. Yanasema kwamba aliyemweleza kaa huyu mara ya kwanza alimweka jenasi nyingine, akahamishwa baadaye. Ukiyaondoa umebadilisha historia yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Zuhura: Mwalimu, shikamoo. Mimi nina kaa mwenye mistari ya zambarau, lakini nungu wake hayumo kwenye orodha yoyote niliyoiona. Naweza kumwita spishi mpya?

Marahaba. Hapana, bado. Zebrida adamsii anajulikana kwa nungu wa jenasi kadhaa, kama Toxopneustes, Asthenosoma na Salmacis. Mwenyeji mpya ni rekodi nzuri ya kuandika, lakini mwenyeji hatengenezi spishi. Nionyeshe gonopodi kwanza.

Baraka: Naomba kuuliza, hawa kaa wanamdhuru nungu au wanaishi naye kwa amani? Nimesoma mahali "wapangaji wasio na madhara".

Usilibebe neno hilo kwa wote. Zebrida anakula ngozi na miguu laini ya mwenyeji, na juu ya nungu mwenye kaa mara nyingi utaona kiraka kitupu kisicho na miiba. Huyo namwita kimelea bila kusita. Jike wa Echinoecus naye anaugeuza mwili wa nungu umbo. Andika ulichokiona: ukubwa wa kiraka, mahali kilipo, idadi ya kaa. Neno la kuwaita litakuja baadaye.

Mzee Kombo: Mwanangu, macho yangu hayaoni hizo gonopodi. Hakuna njia nyingine?

Ipo, mzee wangu. Kata kipande cha msuli wa mguu mmoja, ukitie kwenye ethanoli ya asilimia 95, maabara isome jeni ya COI, ile inayotumika sana kutofautisha spishi. Lakini mfuatano wa DNA hulinganishwa na mifuatano iliyokwisha kupewa jina na mtu, na mtu huyo alitakiwa kuangalia gonopodi. Kwa hiyo kaa wako asitupwe baada ya kukatwa mguu. Mhifadhi, na namba ya chupa ifanane na namba ya sampuli. Uchoraji umwachie mjukuu.

Neema: Nimepata jike pekee, ana mayai. Je, nimtupe kwa kuwa hana gonopodi?

Usimtupe! Mayai yakiwa yameanza kuonyesha madoa ya macho, muweke hai kwenye maji safi ya bahari yenye hewa. Yakianguliwa utapata zoea wa hatua ya kwanza, na hao wana thamani kuliko dume. Hifadhi kumi au ishirini pamoja na mama yao, chupa moja, lebo moja.

Baraka: Samahani, narudi tena. Nimemgeuza wangu kama ulivyosema. Tumbo si jembamba wala si pana.

Ni mchanga. Pima upana wa gamba, andika "hajakomaa", na jina liishie kwenye jenasi: Echinoecus sp., yaani spishi haijajulikana. Hakuna aibu kwenye hizo herufi mbili.