Kusajili shirika jipya la hisani: katiba kwanza, fomu baadaye

Nimekaa na vikundi vingi wakati vinajaza maombi ya usajili, na karibu vyote hufika vikiuliza fomu inapatikana wapi. Fomu ni kazi ya jioni moja. Kinachorudisha maombi ni yale yaliyoandikwa kwenye katiba, kwa hiyo muda wako mwingi uweke huko.

Hatua ya 1: Hakikisha shirika linahitajika

Pekua daftari la msajili uone nani tayari anafanya kazi hiyo hiyo. Ukimpata, muulize kama anaweza kukufungulia mfuko chini ya shirika lake. Utaanza kazi mapema, na makaratasi atabeba yeye.

Hatua ya 2: Andika madhumuni

Hapa usiharakishe. Sheria za nchi nyingi zimerithi fikra iliyotoka Uingereza: sheria ya mwaka 1601 iliyoorodhesha mambo ya hisani, kisha hukumu ya mwaka 1891 iliyoyagawa mafungu manne, yaani kuondoa umaskini, kuendeleza elimu, kuendeleza dini, na mengine yenye manufaa kwa umma. Orodha za leo ni ndefu zaidi, lakini swali la msajili ni lile lile: umma unafaidika vipi?

"Kusaidia jamii" ni pana mno, maana hata duka husaidia jamii. "Kugawa madaftari" nako ni shughuli, si dhumuni. Siku mkitaka kulipa ada za wanafunzi mtakuwa mmetoka nje ya katiba yenu wenyewe. Andika unachotaka kibadilike, kwa ajili ya nani, na wapi: "kuendeleza elimu ya watoto wa kaya maskini katika wilaya fulani." Madaftari yataingia humo, na ada pia.

Kikundi kimoja nilichokisaidia kilitaka kusajili shirika la kumtibu mtoto mmoja, wakamtaja kwa jina. Nia njema kabisa, ila mtu mmoja si umma. Tulibadilisha yakawa matibabu ya watoto wote wenye maradhi hayo, na mtoto wao akawa mmoja wa walengwa. Kuandika upya kulituchukua wiki mbili za mabishano.

Hatua ya 3: Tafuta wadhamini

Wadhamini ndio watakaosimamia shirika na mali yake. Angalia sheria yenu inataka wangapi. Mimi sishuki chini ya watatu. Mume, mke na shemeji si bodi, hiyo ni familia. Tafuta angalau mmoja anayejua hesabu na mmoja asiyeogopa kukukatalia. Waambie mapema kwamba jukumu ni lao kisheria, hata kama hawalipwi, na fedha zikipotea wataulizwa wao.

Hatua ya 4: Chagua muundo

Mkitarajia kuajiri, kupanga ofisi au kumiliki ardhi, chukueni muundo wenye nafsi yake kisheria, ili mkataba usainiwe kwa jina la shirika na deni lisimfuate mdhamini nyumbani. Kikundi kidogo cha kujitolea kinaweza kutosheka na muundo mwepesi.

Hatua ya 5: Kamilisha katiba

Katiba ya mfano ya msajili, kama ipo, itumie. Msinakili ya jirani, kwani nimewahi kuletewa yenye jina la shirika jingine ukurasa wa tisa. Vifungu ninavyovisoma mara mbili ni akidi ya vikao (idadi ya chini ya wajumbe ili kikao kiwe halali), ukomo wa uongozi, mgongano wa maslahi, katazo la kugawana faida, na kuvunjwa kwa shirika. Hicho cha mwisho watu hukiruka kwa kuona ni mkosi. Kiseme wazi kwamba mali itakayobaki itakwenda kwa shirika lenye madhumuni yanayofanana, kamwe si kwa wanachama.

Hatua ya 6: Fanyeni mkutano wa kwanza

Pitisheni katiba, chagueni viongozi, muandike muhtasari wenye tarehe na saini. Benki nayo itauomba, pamoja na majina ya watia saini. Wawe wawili au zaidi.

Hatua ya 7: Jaza fomu

Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye vitambulisho, herufi kwa herufi. Bajeti ilingane na madhumuni. Msajili akirudi na maswali, jibuni swali aliloliuliza, msimtumie historia ya maisha ya mwanzilishi.

Chunguzeni pia muda na viwango. England na Wales, kwa mfano, mashirika mengi hutakiwa kujisajili mapato ya mwaka yanapozidi pauni 5,000. Marekani, anayeomba msamaha wa kodi ndani ya miezi 27 tangu kuundwa kwa shirika huweza kuupata kuanzia siku ya kuundwa.

Cheti kikishatoka

Siku hiyo hiyo wekeni kwenye kalenda tarehe za ritani (fomu ya mwaka inayopelekwa mamlaka ya kodi) na taarifa za mwaka, mkabidhi kazi hiyo mtu mmoja kwa jina. Marekani, shirika lisilowasilisha ritani miaka 3 mfululizo hupoteza msamaha wa kodi moja kwa moja, na kuurudisha kunaanza na fomu mpya ya maombi.